Mlio wa Kuondokea

Hodi wenye mikono! Nyie mabinti mnaoimba kwenye mabendi siku hizi, nyie mnaocheza jukwaani, nyie wawili watatu mnaojifunza gitaa mkiwa mmefungua madirisha makusudi ili majirani wasikie, sogeeni. Wanaume nanyi kaeni, hapa hakuna la kuwaficha. Mie ni Zaituni. Nimepiga tumba kwenye bendi ya kiwanda cha magunia kule Temeke mpaka mwezi uliopita, waliponiambia mikono yangu imechoka nikapumzike. Mikono haijachoka. Iliyochoka ni miguu, na miguu sipigii tumba.

Sijasoma. Herufi nimezijulia ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, na nilikuwa nakwenda kwa sababu darasani kulikuwa na feni. Anayeniandikia ni jirani yangu hapa Kawe, mwalimu wa zamani. Nikisema watu elfu kumi yeye anaandika mia mbili. Kwa hiyo mkikuta mia mbili, mnajua wenyewe la kufanya.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayataja. Cheo changu cha kwanza kilikuwa mshonaji magunia. Cha mwisho, mshonaji magunia mwandamizi. Basi, habari ya vyeo imekwisha.

Niliingia mjini kutoka Lindi bendera ikiwa bado mpya, haijapauka na jua. Nikafikia kwa shangazi yangu, Bi Sikudhani, nyumba ya makuti Mtoni. Shangazi alikuwa nyakanga, mwanamke anayewacheza wali, anayewafunda wasichana waliovunja ungo mpaka siku ya kuwatoa nje. Wamakua, Wayao, Wamwera, Wazaramo wa pale pale, wote walimletea mabinti zao. Mwanamke mfupi, lakini akikohoa Mtoni, watu wa Mbagala wanaitika shikamoo.

Kiwandani niliajiriwa kwa ajili ya mikono. Msimamizi hakuuliza cheti, alisema, "Lete mikono." Nikampa. Akaiminya kama mtu anayechagua embe, akasema, "Hii itashika sindano." Sindano ya magunia ni shubiri nzima, inapinda mwishoni, na ukikosea mara moja inakufundisha maisha. Vumbi lake usiseme. Ukipiga chafya saa nne asubuhi linatoka gunia zima, limeshonwa tayari.

Baadaye likaja Azimio la Arusha, na baada ya Azimio kila kiwanda kikataka bendi, kiwe kinazalisha kisizalishe. Chetu kikanunua gitaa tatu, saksafoni mbili, tarumbeta moja lililobonyea kama limegongwa na ng'ombe, dramu, na tumba tatu. Wanamuziki wote waliandikwa wafanyakazi wa kiwanda. Asubuhi anabeba magunia, saa kumi jioni anafanya mazoezi kwenye kantini. Kiongozi alikuwa Deo, mpiga solo, mtu wa Bukoba, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa utajikata.

Sie wanawake tulikuwa tunakaa kantini ile kusubiri mvua iishe au jua lipungue. Siku hiyo mpiga tumba hakuja. Deo wa watu anapiga gitaa lake, wimbo unayumba kama baiskeli isiyo na breki. Mikono yangu ikanishinda. Nikaanza kupiga meza. Nikapiga mpaka sahani za bati zikasogea zenyewe kwenda jikoni.

Deo akasimamisha bendi. "Nani anapiga meza?"

"Mie."

"Wewe mwanamke?"

"Mpaka jana nilikuwa."

Watu wakacheka. Deo hakucheka, aliuliza, "Umefundishwa na nani?"

"Na mwanamke mwenzangu."

Akanionyesha tumba kwa kidevu. Hiyo ndo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Sasa nyie mnaoanza, nisikilizeni habari ya kazi yenyewe. Ngozi ya mbuzi jike ndo nzuri. Ya dume mvua ikinyesha inanuka ukumbi mzima, watu wanatazamana. Siku hizo ngozi zetu tulizikaza kwa moto. Unawasha makumbi ya nazi, unasimama mbali kidogo, unaizungusha tumba kama unamwotesha mtoto moto. Usitumie mafuta ya taa. Mie niliwahi kuunguza ngozi nzima dakika tano kabla ya kuanza, nikaipiga hivyo hivyo ina tundu, na mzee mmoja akaja kunipongeza akisema leo nimebuni mtindo. Kucha kata. Pete vua. Katikati ya ngozi weka nta ya nyuki kidogo, sauti inashuka, inakuwa kama mtu anayezungumza akiwa ameshiba.

Hayo yote alinifundisha Bi Sikudhani tangu kwetu Lindi, kabla hajahamia Mtoni. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa ananikalisha mbele yake, ananipigia mgongoni kwa viganja, kisha anasema, "Haya, nirudishie." Nami namrudishia kwenye ngoma. Nikikosea, kofi linalofuata mgongoni si la somo. Alikuwa anasema, "Mkono hausomi, mkono unaambiwa." Mpaka leo mgongo wangu unajua midundo ambayo kichwa kimeshaisahau.

Kwenye bendi nilikaa miaka mingi bila kuitwa mpiga tumba. Kwenye karatasi nilikuwa mshonaji "anayesaidia burudani". Wake za wapigaji hawakunipenda, walidhani nitawachukulia waume. Wanawake wenzangu, mie niliwaona waume zao wakiwa kwenye lori la bendi wamelala midomo wazi. Ningepewa bure ningewarudisha. Wanaume wa ukumbini nao walikuwa na lao. Ukipita kwenda jukwaani anakuita malaya; ukianza kupiga yeye ndo wa kwanza kutokwa jasho.

Kulikuwa na bwana mmoja, Ndugu Malilo, aliyekuwa anasimamia utamaduni pale kiwandani. Mwaka ule wa kukamatana na vimini alitupanga mstari akaja na rula ya ofisini. Mie nguo yangu ilifika chini ya goti, ikapita. Lakini akaniangalia ninavyoibana tumba kwa magoti, akatikisa kichwa. "Ndugu Zaituni, mkao huo si wa utamaduni wetu."

"Ndugu, shangazi yangu hukaa hivi, na bibi yake alikaa hivi."

"Hiyo ni ngoma ya vichochoroni. Mie nasema utamaduni wa taifa."

Basi wakanizungushia kitenge. Kitambaa kimefungwa kwenye vijiti viwili, mie nipo nyuma yake, nimetokeza kichwa na mikono tu kama samaki aliyechungulia kwenye kapu. Nimepiga hivyo Temeke, Keko, Kawe, Mikocheni wakati Mikocheni bado ni mashamba na vyura walikuwa wanatupigia besi. Watu walidhani ni madoido ya bendi. Wengine walisema nyuma ya kitenge hakuna mtu, ni mashine kutoka Bulgaria.

Tukafika kwenye wimbo wenyewe.

Ikaja habari kuwa redio inataka nyimbo zenye ngoma zetu, tuache kuiga rumba za watu. Kutatumwa jopo lizunguke kwenye viwanda, bendi itakayopita itakwenda kurekodi, na wimbo utapigwa nchi nzima. Deo akanijia pale ninaposhona, akachutama chini na suruali yake ya pasi. Nikajua shida ni kubwa.

"Dada Zai, sie wengine ngoma zetu tumeziacha mlimani na padri. Wewe unazo. Tupe moja."

Nikaenda kwa Bi Sikudhani. Ya ndani ya unyago siyasemi, na asiyeyajua aulize kwao. Lakini upo wimbo wa siku ya kumtoa mwali, huo unaimbwa uwanjani, kila mtu anasikia. Nikamwomba huo. Maneno yake yalikuwa hivi:

*Mlinituma maji, nikaenda,*
*Mlinituma kuni, nikaenda,*
*Leo nimekua jamani,*
*Leo najituma mwenyewe.*

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Akachambua ungo wote ndo akajibu. "Utauchukua. Ila utapigwa na mkono wa mwanamke, na utaimbwa na mdomo wa mwanamke. Ukishikwa na mwanamume, mie nitakuwa nimewatoa mabinti za watu mikononi mwake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

"Kinywani au tumboni?"

"Tumboni."

Basi tukautengeneza. Mie tumba na sauti ya mbele, Deo akauzungushia gitaa taratibu kama mtu anayesuka ukili, saksafoni wakaambiwa wanyamaze mpaka waitwe. Jumapili ya kwanza tuliupiga mchana ukumbini Temeke. Sikilizeni, kuku wa Tandika waliacha kutaga wakaja kusikiliza. Wanawake waliinuka kabla hawajajua wameinuka. Jumapili ya pili wakaja kwa makundi, kila kundi kanga za sare. Jumapili ya tatu ukumbi haukuwa na nafasi ya wanaume, wakawa wanachungulia madirishani, na mie nilipiga nikasema moyoni, chungulieni, leo kitenge kimewazunguka nyie.

Alikuwapo Mama Shida, mkaanga samaki wa Tandika, mwanamke ana mdomo mpana kuliko karai lake. Alikuwa anaweka beseni mlangoni, anaingia, anaimba mstari ule wa mwisho akijipiga kifua. Aliwahi kuniambia, "Shoga, mie nimeolewa mara tatu, lakini kuambiwa nimekua nimeambiwa na tumba yako." Hilo sijalitia chumvi hata punje.

Wiki mbili kabla ya jopo kuja, orodha ikabandikwa kantini. Majina kumi na moja ya watakaopiga mbele ya jopo na kwenda kurekodi. Mie sikujua kusoma vizuri wakati ule, lakini jina langu nalijua sura yake, lina mkia. Nikatafuta mkia. Haupo.

Nikaenda kwa Ndugu Malilo. Alikuwa anakunywa chai. "Ndugu Zaituni, wewe si mwanabendi, wewe ni mshonaji. Tena kutapigwa picha za gazeti. Nchi changa hii, tuiwakilishe kwa mwanamke kabana ngoma na mapaja?"

"Nizungushieni kitenge basi, kama siku zote."

"Kitenge nacho hakipendezi pichani. Atapiga Rashidi wa manyanga, ataimba Deo. Wewe utaimba itikio, utasimama nyuma."

"Wimbo ni wa kwetu, ndugu. Una masharti."

"Hakuna cha kwetu wala kwenu. Huu ni ujamaa, dada. Vya wote." Akatabasamu kabisa. "Umfundishe Rashidi. Hiyo ndo kazi yako ya kujenga taifa."

Nikamwangalia Deo, alikuwa amesimama mlangoni. "Deo, gitaa lako nalo ni la wote? Leo nikalale nalo?"

Deo akaangalia viatu vyake. Viatu vilikuwa vimeng'arishwa vizuri sana, alikuwa na cha kuangalia. "Dada Zai," akasema, "tukikataa wataifuta bendi. Mie nina watoto sita."

Mie ningeweza kukataa. Ningesema simfundishi, nikashona magunia yangu, tukaona huo wimbo wangeupiga na nini. Hilo ndo lingekuwa jibu la mtu mzima. Lakini mie mjanja bwana, mie mcheshi wa Mtoni, nikajiona nina akili kuliko kiwanda kizima na mashine zake.

Kwenye ngoma zetu za wanawake kuna mlio wa mwisho. Nyakanga akitaka watu watawanyike haongei, anapiga mlio huo. Ukiusikia, mwanamke, unanyanyuka, unachukua kanga yako, unaondoka bila kuaga na bila kugeuka nyuma. Uwe unakula, uwe unacheka, uwe unanyonyesha, unaondoka. Anayebaki anabaki na mikosi ya wali wote. Na ngoma iliyopigiwa mlio ule imekwisha, haifufuliwi. Mwanamume hawezi kuujua, maana ukilia yeye hayupo. Kwa masikio ya mwanamume ni mdundo mtamu tu, tena mtamu kuliko ule wa kawaida.

Nikamfundisha Rashidi mlio wa kuondokea badala ya mdundo wa wimbo, vipande vipande, usije ukanitoa mwenyewe.

Rashidi alikuwa mpiga manyanga, mtu wa Kilwa, mpole, mtu anayesalimia hata paka. Angekuwa mtu mbaya leo ningelala vizuri. Alijifunza kwa bidii mpaka vidole vikavimba, nikamkandia kwa maji ya chumvi mwenyewe. Siku moja akaja analalamika. "Dada Zai, mke wangu sijui ana nini. Kila nikianza mazoezi nyumbani anachukua kanga anatoka. Jana kaacha ugali jikoni umeungua."

"Wanawake wengine hawapendi kelele," nikamwambia.

"Ila nimepatia?"

"Umepatia kuliko hata mie."

Akaenda dukani akaniletea halua, kunishukuru. Nikaila. Nawaambia ukweli, niliila yote.

Jumapili ya jopo ikafika. Mchana kweupe, kantini imepambwa karatasi za rangi, wakubwa wamekaa viti vya mbele na miwani. Wanawake wa Temeke nzima wamekuja, mwalimu atawaandikia mia mbili. Bi Sikudhani nilimwalika mwenyewe, akakaa kiti cha mbele, kanga mpya, akijua atamwona binti wa kaka yake. Sikumwambia kitu. Nilitaka ashtuke, kisha acheke. Mie nimesimama nyuma na waitikiaji wawili, moyo unaenda kama cherehani.

Deo akaanza gitaa. Wanawake wakapiga vigelegele, wakainuka kucheza. Bi Sikudhani akatazama tumba akamwona Rashidi. Akanitafuta kwa macho, akanipata kule nyuma. Sura yake sijui niiseme vipi. Ni kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ukuta.

Kisha Rashidi akateremsha mikono.

Vigelegele vikakatika kama mtu kafunga bomba. Mikono iliyokuwa juu ikashuka. Wanawake wakatazamana mara moja tu. Kisha kanga zikakusanywa, watoto wakabebwa mgongoni, na wote wakaanza kutoka. Hakuna aliyesukumana, hakuna aliyesema neno. Unasikia ndala tu sakafuni, na tumba. Rashidi wa watu amefumba macho, utamu umemzidi, hajui. Bi Sikudhani alitoka wa kwanza. Waitikiaji wenzangu wawili wakaweka chini maikrofoni wakatoka. Na mie, niliyeleta yote hayo, miguu yangu ikanitoa. Ningetaka nisingeweza kubaki. Mgongo ulikwishaambiwa.

Ngoja niyamalize ya baadaye kwanza, maana nikiyaacha mwisho nitawaharibia chai. Ya mlangoni nitarudi kuyasema.

Wimbo ulirekodiwa. Aliimba Deo. Mwanamume mzima wa watoto sita, ndevu zimemjaa, anaiambia nchi nzima alitumwa maji. Mtunzi akaandikwa bendi. Ulipigwa redioni mpaka maredio yakachoka. Mwanzoni kwenye arusi za Temeke ukiwekwa, wanawake walikuwa wanaondoka na kuacha pilau, wenye arusi wanalia. Kisha wakazoea. Wakaanza kubaki, mmoja mmoja. Siku hizi mabinti wanaucheza mlio ule ule wakizungusha kiuno, na ukimwuliza atakwambia ni mdundo wa zamani wa wanaume wa magunia.

Mie walinirudisha kwenye tumba mwaka uliofuata, kwa nyimbo nyingine, bila kitenge, maana Ndugu Malilo alihamishwa na aliyekuja alikuwa haoni mbali. Nimepiga tangu hapo mpaka mwezi uliopita. Nimefundisha wasichana wanne, watatu wanapiga vizuri, wa nne ana sauti. Lakini wimbo ule sijaupiga tena. Rashidi aliambiwa ukweli na mkewe, baada ya muda. Hakunigombeza. Alikuja pale ninaposhona, akasimama, akaniuliza, "Dada Zai, mie nilikukosea nini?" Nilikuwa na majibu mia ya mchezo, siku zote ninayo. Nikainamia gunia nikashona. Akarudi kwenye manyanga yake, na kila tulipopanda lori alininyooshea mkono kunivuta juu kama zamani, na huo mkono ndo uliokuwa unanichoma.

Na shangazi. Jioni ya siku ile alinikuta uani akaniambia, "Ulinipa neno la tumboni. Wao wameiba, sawa, wezi wapo. Lakini mlio wa kuondokea umeupiga wewe, kwa mikono ya yule mpumbavu. Wimbo umeaga. Siwezi kumtoa mwali kwa wimbo ulioaga." Na hakumtoa hata mmoja. Manyakanga wenzake waliposikia nao wakauacha. Alikula na mie, alinipikia nilipougua, alifariki mkononi mwangu. Lakini mgongoni hakunipigia tena. Kwa hiyo mabinti, wakiwaambia mfundishe, fundisheni sawasawa au kataeni mdomoni, wasikie. Mie nilitaka kuwacheka wanaume, nikawauzia shamba na kisima.

Haya, turudi mlangoni siku ile.

Tukatoka wote hadi nje ya geti la kiwanda, jua la saa nane limesimama. Mlio ukiisha kukutoa uko huru, unaweza kusema. Basi wanawake wakaangua kicheko! Walicheka mpaka mlinzi wa geti akavaa kofia vizuri akidhani wanamcheka yeye. Wanakumbatiana, wanaigiza sura za wakubwa waliobaki na viti vitupu. Nikawa naenda kutoka kwa huyu hadi kwa yule, "Ni mie! Nimemfundisha mie!" nikimtafuta Bi Sikudhani anipe mkono. Alikuwa amesimama peke yake kwenye kivuli cha ukuta, kanga ameishika mdomoni.

Kule ndani tumba ikanyamaza. Nikasema sasa yanakuja, sasa wanafukuzwa. Yakaja makofi. Makofi mazito, ya wanaume, ya watu waliokaa vitini. Kisha spika ikakoroma na sauti ya Ndugu Malilo ikatoka hadi barabarani. "Wageni wetu wamefurahishwa sana! Wamesifu hasa nidhamu ya akina mama, waliotoka kimya kuwapisha wageni wasikilize. Wimbo wetu *Leo Nimekua* umepita!"

Kicheko kikafa. Wanawake wote wale, unasikia nzi wa beseni la samaki. Hakuna anayemwangalia mwenzake.

Mama Shida ndo aliinua beseni lake, akaliweka kichwani, akalitazama lile jengo, na neno likamtoka kabla hajalishika:

"Haya jamani, wanawake wote tuko huku nje. Sasa huko ndani nani kavunja ungo, Rashidi au Ndugu Malilo?"